Visikizio vya Zamani na Sikio la Mwenyewe

Chombo kizuri kina maisha mawili. Maisha ya kwanza hupewa na kiwanda. Ya pili hupewa na mwenyewe. Kiwanda hukiunda, hukipima na kukitoa kwa watu, na hapo kazi ya kiwanda huwa imekwisha na kazi ya mwenyewe imeanza. Akitunzaye hukiongezea umri, na akipuuzaye hukipunguzia. Lakini yuko mtu wa tatu, ambaye habari zake hazisimuliwi sana. Huyu hukipenda chombo chake kupita kiasi hata hawezi kukiacha kilivyo. Hukifungua leo kukisafisha, hukifungua kesho kukirekebisha, na kesho kutwa hukifungua kwa sababu amezoea kukifungua.

Visikizio vivaliwavyo kichwani, ambavyo wengi huviita hedifoni, vina wapenzi wengi wa aina hii. Vile vya hali ya juu havikuundwa vitumike mwaka mmoja na kutupwa. Katika mwaka 1945 Fritz Sennheiser alianzisha karakana ya vyombo vya umeme katika kijiji cha Wennebostel, kaskazini ya mji wa Hannover, Ujerumani. Mwaka 1968 kampuni yake ilitoa visikizio vilivyoitwa HD 414, vyenye mito ya sponji ya rangi ya manjano, ambavyo mgongo wake ulikuwa wazi ili hewa ipite. Vingi vilivyovitangulia vilifunika sikio kama kikombe kilichofudikizwa. Hivi vilimwacha msikilizaji ndani ya chumba chake, akisikia muziki kama mtu aliyefungua dirisha. Katika miaka ya 1990 ukatokea ukoo mwingine: kwanza HD 580, kisha HD 600 katika mwaka 1997, na HD 650 katika mwaka 2003. Watatu hawa hufanana kama ndugu wa tumbo moja. Mto wa mmoja humkaa mwingine, waya wa mdogo humfaa mkubwa, na wavu wa chuma wa HD 600 huweza kuvishwa HD 580, aliyezaliwa na wavu wa plastiki. Hata moyo wa kisikizio hutoka na kuingia pasipo nguvu nyingi.

Moyo huo si kitu cha ajabu. Ni kiwambo chembamba kilichogandishwa koili ya waya, na koili hiyo huning'inia katika nguvu ya sumaku. Umeme wa muziki hupita katika koili, koili husukumwa mbele na nyuma, kiwambo hutetemeka, hewa hutetemeka, na sikio husema limesikia fidla au sauti ya mtu. Jamaa wa kiwambo hiki ni ngozi ya ngoma. Wahenga walisema kwamba mwamba ngoma huvutia kwake. Walisema hivyo kwa ajili ya ubinafsi wa watu, lakini hapana methali iwafaayo zaidi wageuzaji wa visikizio.

Katika mji wa Hannover aliishi mwalimu wa muziki aliyestaafu akiwa na mvi kichwani na HD 580 mezani. Alivinunua katika miaka ya 1990, na kwa miaka mingi alivitumia kusikiliza kwaya, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kufundisha watu kuimba pamoja. Alijua kwa visikizio hivyo ni mwimbaji gani aliyevuta pumzi mapema, na ni yupi aliyefunga neno kabla ya wenziwe. Kisha siku moja aliona kwamba sauti imekuwa nzito. Waimbaji walikuwa kama wamesimama nyuma ya pazia. Akasema kwamba visikizio vimezeeka.

Hakusema uongo. Mito ya masikio ilikuwa imelala. Sponji iliyomo ndani ya mito ya namna ile huliwa na unyevu wa hewa, jasho na mafuta ya ngozi. Hupoteza nguvu ya kuinuka, na mwisho wake huwa unga au gundi. Mto ukilala, kiwambo husogea karibu na sikio na nafasi ya hewa iliyopimwa na kiwanda hupungua. Kwa hiyo mizani ya sauti nene, za kati na nyembamba hupotoka. Si kwamba muziki umeharibika. Mlango wa chumba umesogezwa. Yule bwana akaagiza mito mipya ya mahameli, akaing'oa ya zamani kwa vidole, akaibana mipya mpaka ikalia mahali pake. Kazi hiyo haikuchukua muda wa kuchemsha chai. Alipovivaa tena, waimbaji walirudi nyuma hatua moja na kupata nafasi ya kusimama. Hii ndiyo sehemu ya kwanza ya utunzaji, nayo haina lawama: kukirudishia chombo kile kilichopunguzwa na wakati.

Lakini kipya kinyemi ingawa kidonda. Furaha ya mito ilimfanya atafute furaha nyingine. Aliutazama waya wa zamani, uliokuwa mgumu na kukatakata sauti ulipopindwa karibu na plagi, akaona kwamba nao hauna budi kubadilishwa. Hapa pia alikuwa na haki, kwa kuwa waya uliokatika ndani ni waya uliokufa. Ila aliambiwa kwamba waya wa fedha huleta sauti ang'avu kuliko waya wa shaba, akatoa kwa ajili ya waya huo bei iliyopita bei ya mito mara nyingi. Ukweli ni kwamba fedha hupitisha umeme kuliko shaba kwa kadiri ya asilimia 6 tu. Visikizio hivyo huukabili umeme kwa ukinzani wa omu 300, na waya wa shaba wa kawaida huongeza juu yake sehemu ndogo isiyofika hata omu 1 au iliyo karibu nayo. Tofauti baina ya fedha na shaba katika hesabu kama hiyo ni kijiko cha maji katika pipa. Yule bwana alivaa visikizio akasema kwamba anasikia mng'aro. Yamkini aliusikia, kwa sababu mtu aliyelipa sana ana haja ya kusikia.

Waya huo nusura umtie katika kosa lingine. Plagi za visikizio hivi zina pini mbili, moja nene na moja nyembamba, ili zisichomekwe kinyume. Alizilehemu plagi mwenyewe, na katika upande mmoja alizibadilishana nyuzi. Kiwambo cha kulia kikawa kinasukuma wakati cha kushoto kinavuta. Sauti ilitoka pande zote mbili na kila nota ilisikika, lakini mwimbaji wa peke yake, aliyepaswa kusimama katikati, hakuwa na mahali. Alitawanyika kama moshi. Usiku mzima mwalimu alitafuta kasoro katika santuri, asubuhi akaiona katika lehemu yake. Aligeuza nyuzi mbili, na mwimbaji akarudi katikati. Mtu mwingine angalipata onyo katika jambo hilo. Yeye alipata ujasiri.

Baada ya muda pazia lilirudi. Mito ilikuwa mipya, waya ulikuwa mpya, wavu ulikuwa wa chuma, na bado konsonanti za waimbaji hazikuwa na makali. Akawaza kwamba kosa limo katika kile kisahani chembamba cha sponji nyeusi kilichowekwa mbele ya kiwambo. Kisahani hicho kina kazi mbili: huzuia vumbi na unywele usianguke juu ya kiwambo, kwa maana unywele mmoja uliogusa kiwambo huweza kukitia mlio kama wa nyuki, tena hupunguza kidogo ukali wa sauti za juu. Waliokiunda chombo walikipima pamoja na kisahani hicho. Yeye alikitoa. Kisha akapachika mito ya namna nyingine, ambayo haikukusudiwa kwa visikizio hivyo, kwa sababu iliongeza ukali. Mwisho akapandisha sauti. Alitabasamu siku hiyo. Alisema kwamba HD 580 yake sasa imekuwa kama ilivyokuwa siku aliyoinunua, na zaidi.

Katika majira ya joto mjukuu wake wa kike, mwenye umri wa miaka 10, alikuja kukaa naye. Alimvisha visikizio kwa fahari ya mtu anayeonyesha shamba lake. Mtoto alisikiliza mstari mmoja wa kwaya, akavivua kwa mikono miwili.

"Babu, inachoma," akasema. "Kila wanapotamka 's' nasikia sindano."

Mwalimu alivivaa mwenyewe akasikiliza mahali pale pale. Hakukuta sindano yoyote. Alikuta 's' ya kawaida, iliyotamkwa vizuri na watu waliofundishwa vizuri. Akamwambia mtoto kwamba hajazoea.

Jioni walikaa bustanini. Mtoto aliuliza ni mdudu gani anayelia katika ua wa majani, akaambiwa kwamba hapana mdudu anayelia. "Yupo, Babu. Analia tangu tulipokaa. Wewe humsikii?" Wakaenda polepole mpaka uani, mtoto akifuata sauti, na juu ya jani walimkuta panzi mkubwa wa kijani, akisugua mabawa yake mbele ya macho ya mwalimu wa muziki. Mwalimu aliyaona mabawa yakitetemeka. Hakusikia kitu.

Binadamu huzaliwa na uwezo wa kusikia mitetemo tangu karibu 20 hata 20,000 kwa sekunde, na umri huanza kumnyang'anya kutoka juu. Ndani ya sikio zimo chembe ndogo zenye vijinywele, nazo ndizo zigeuzazo mtetemo kuwa habari ya ubongo. Zinazosikia sauti nyembamba sana zimekaa karibu na mlango, na aghalabu ndizo zinazotangulia kufa. Kwa mwanadamu zikifa hazioti tena. Makelele huziharakisha. Shirika la Afya Duniani limeshauri kwamba mtu mzima asikilize sauti ya desibeli 80 kwa saa zisizozidi 40 kwa wiki, na kila zinapoongezeka desibeli 3, muda huo hupungua kwa nusu. Maana yake ni kwamba mtu apandishaye sauti ili apate alichopoteza huweza kupoteza alichobakiwa nacho.

Usiku ule mwalimu aliweka visikizio mezani akavitazama muda mrefu. Pazia halikuwa ndani ya visikizio. Kila alipoukata ukimya wa sikio lake alikuwa akikata sehemu ya chombo. Aliondoa kisahani cha sponji, na kilichoziba hakikuwa kisahani. Alitia mito ya ukali, na kilichofifia hakikuwa mito. Mwamba ngoma alikuwa amevutia kwake mpaka ngozi ikakaribia kupasuka, na mtoto ndiye aliyeisikia ikilia.

Huzuni yake haikuwa ndogo. Mtu wa kazi nyingine akipungukiwa na sauti za panzi amepoteza panzi tu. Mwalimu huyu alijiuliza ni waimbaji wangapi aliowakemea katika miaka yake ya mwisho ya kazi kwa kuwa hawakutamka, hali walitamka. Swali hilo halina kipuri. Mito huuzwa, waya huuzwa, hata kiwambo na sumaku yake huuzwa, na kwa vipuri hivyo visikizio vya miaka 30 huweza kusimama sawa na vilivyotoka kiwandani jana. Sikio la mwenyewe ndilo sehemu pekee katika mfuatano huo ambayo hapana duka liwezalo kuileta.

Asubuhi alianza kazi ya kurudisha. Visahani vya sponji alikuwa amevitupa, akaagiza vingine. Mito ya mahameli aliitoa sandukuni akaipachika tena. Waya wa fedha aliuacha, kwa sababu haukudhuru kitu isipokuwa mfuko. Kisha alikwenda kwa mganga wa masikio, akakaa ndani ya chumba kisichopenya sauti, amevaa visikizio vya watu wengine, akibonyeza kitufe kila aliposikia mlio. Alipotoka alikuwa na karatasi yenye mstari ulioshuka kama njia ya mlimani. Kwa mara ya kwanza kilichopimwa kilikuwa ni kile kilichostahili kupimwa.

Hapana budi kutofautisha kutengeneza na kugeuza. Atengenezaye humwuliza chombo: ulikuwaje? Ageuzaye hujiuliza nafsi yake: napenda nini? Maswali yote mawili ni halali, maana mali ni ya mwenyewe na ladha ni ya mwenyewe. Hatari iko pale mtu anapouliza la pili na kudhani ameuliza la kwanza. Hapo huweza kuiharibu mizani kwa kuwa bidhaa imepungua uzito. Kwa hiyo kila akatapo, na aweke kile alichokikata. Kila atoapo, na akumbuke palikuwaje. Na kabla ya kushika bisibisi, amwite mwenye sikio jingine, hasa aliye mdogo, amwulize anasikia nini. Usiache mbachao kwa msala upitao, walisema wazee. Na mbacha huo ni pamoja na sikio ulilobakiwa nalo.

Mwalimu bado husikiliza kwaya, kwa sauti ya chini kuliko zamani. Mjukuu ajapo huvaa visikizio vile vile, naye havivui. Pale babu asiposikia kitu, mtoto humweleza kilichopo: hapa mwanamke mmoja amevuta pumzi, hapa karatasi imegeuzwa, hapa wametamka 's' wote pamoja. Mzee huitikia kwa kichwa, kama mtu asomewaye barua kutoka nchi aliyopata kukaa.