Alama Mia na Kilo Nane



Tulipoanza kusimamia masomo ya jioni katika ukumbi wa parokia, hapa Kolwezi, tulikuwa na kompyuta nne zilizokwisha kutumika na programu ya kufundishia aljebra, iliyoandikwa kwa Kifaransa na isiyohitaji intaneti. Kila umeme ulipopatikana, wanafunzi wa sekondari waliketi mbele ya kioo. Programu ilitoa swali na kusahihisha hatua moja moja. Aliyekwama alibonyeza, akapewa kidokezo. Haikumkaripia mtu wala kumcheka. Tuliipenda kwa sababu hiyo.

Kijana mmoja alipata alama mia kwa mia karibu kila jioni. Tulimsifu mbele ya wenzake, nasi tukajisifu kimoyomoyo.

Kaka yake mkubwa ni mchimbaji. Siku moja alipeleka madini kwenye depo, akasikia mizani ikisomwa kilo 200. Karatasi aliyopewa ilisema amelipwa kilo 160, baada ya kuondoa sehemu moja ya tano kwa ajili ya maji. Akamwomba mdogo wake ahakikishe. Kijana akatafuta sehemu ya tano ya 160, akapata 32, akaijumlisha, ikawa 192. “Wamekuibia kilo nane,” akasema. Kaka akarudi depo, akamwita mnunuzi mwizi mbele ya watu. Mnunuzi akachukua kalamu: sehemu ya tano ya 200 ni 40, ukitoa 40 katika 200, hubaki 160. Hakuna kilichoibwa. Kaka akarudi nyumbani kwa aibu.

Tulipopata habari, tuliketi na kijana mbele ya kompyuta na kumtazama akifanya kazi. Kila swali lilipokuwa gumu, alibonyeza vidokezo upesi, kimoja baada ya kingine, hadi cha mwisho kilichotoa jibu, kisha akaliandika. Tulipomuuliza, alijibu kwa unyofu: “Nilidhani ndivyo inavyotakiwa.” Hakuwa ametudanganya. Sisi ndio tuliotazama alama tu, tusiangalie njia.

Hatukuwa wa kwanza kukosea hivyo. Mwaka 2004, watafiti wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, mjini Pittsburgh, Marekani, ambako programu za namna hii zimeundwa kwa miaka mingi, walieleza kwamba wanafunzi wanaowinda majibu kwa njia hiyo hujifunza kidogo kuliko wenzao. Tena, utafiti wa shirika la RAND uliochapishwa mwaka 2014, juu ya programu ya aljebra iitwayo Cognitive Tutor, haukuona faida katika shule za sekondari mwaka wa kwanza. Ilionekana mwaka wa pili. Chombo ni kizuri, lakini hata wanaokisimamia wana la kujifunza.

Tangu hapo, anayetaka kidokezo huandika kwanza daftarini mahali alipokwama. Akimaliza, humweleza mwenzake kwa Kiswahili kwa nini kila hatua ni ya kweli. Alama zimeshuka, maswali yameongezeka. Kijana yule naye alisimama ubaoni, akaeleza: kilichobaki ni sehemu nne katika tano za x, 160 ukigawanya kwa nne ni 40, mara tano ni 200. Kisha akaenda na kaka yake kwa mnunuzi kuomba msamaha. Nasi tulifuatana nao, kwa kuwa sifa zetu zilikuwa sehemu ya kosa.

Neno aljebra limetokana na Kiarabu, al-jabr, lililomo katika jina la kitabu alichokiandika Al-Khwarizmi huko Baghdad katika karne ya 9. Maana yake ni kurudisha mahali pake kilichotenguka, kama aungavyo mganga mfupa uliovunjika. Jioni ile, mbele ya mnunuzi, tulielewa neno hilo kuliko siku zote.

Basi, vijana, mkipata kompyuta katika kikundi chenu, itumieni kwa shukrani. Lakini mwenzenu akileta alama mia, msimpigie makofi upesi. Ketini naye, mkamwulize: umefikaje hapa?