Sauti ya Daktari Milimani Masisi

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, katika milima ya Masisi, Kivu ya Kaskazini, mashariki mwa Kongo, daktari alipatikana kwa saa. Mara moja asubuhi na mara moja alasiri, vituo vya afya vilivyobahatika kuwa na redio ya foni viliiwasha kwa zamu, vikasoma taarifa zao kwa ofisi ya zone ya afya, kisha vikaizima ili betri isiishe. Ukipata mgonjwa mahututi katikati ya saa hizo, ulimhudumia kwa akili yako na kwa kile kilichokuwa kabatini. Ukimpata usiku, ulisubiri kuche.

Nilikuwa muuguzi kijana, nimetoka shuleni Goma na diploma yangu ya A2. Kwa mpango wa afya wa nchi yetu, kituo cha afya kinaongozwa na muuguzi, tunayemwita titulaire, na daktari yuko kwenye hospitali kuu ya zone. Kivu ya Kaskazini ina zone za afya 34, na katika nyingi kati ya hizo mgonjwa anaweza kuugua, kutibiwa na kupona bila kuonana na daktari hata siku moja. Mpango huo unamtaka muuguzi atambue ni mgonjwa yupi atamtibu mwenyewe na yupi amtume hospitali. Huko kwetu, kumtuma mgonjwa kulikuwa na maana ya wanaume kuitwa usiku, kubeba tipoyi, yaani machela, kwa kupokezana mabega, kushuka na kupanda matopeni hadi barabara kubwa, na kungoja gari lolote litakalopita. Kutoka Masisi hadi Goma ni kama kilomita 80. Mvua ikinyesha, hizo zilikuwa safari ya kutwa, na penye vizuizi vya wenye bunduki kila mmoja alidai chake.

Foni ilitusaidia, tena sana. Waya wa antena ulifungwa kwenye mikaratusi miwili, betri ikachajiwa na paneli moja ya jua juu ya bati. Kupitia redio hiyo tuliomba chanjo, tukatangaza surua, tukauliza kipimo cha dawa. Lakini kila aliyewasha redio yake alisikia. Mimba ya binti wa mtu ikiharibika asubuhi, alasiri vituo vyote vya zone vimeshajua. Tukajifunza kusema kwa mafumbo, na mengine hatukuyasema kabisa, ingawa hayo ndiyo yaliyohitaji ushauri kuliko yote.

Usiku mmoja waliletwa mama na kitoto kichanga. Alikuwa amejifungua nyumbani mtoto wake wa tano, na damu haikukata. Tulimchoma oksitosini, tukamkanda tumbo, tukamtundikia seramu. Swali lililobaki lilikuwa moja: akae au abebwe? Redio ilikuwa kimya mpaka asubuhi. Tuliamua abebwe, akafariki kwenye tipoyi kabla ya kupambazuka. Mama mkwe wake alinishika mkono akaniambia, "Mwanangu, mulifanya yote." Kweli tulifanya yote tuliyoyajua. Wapo watu Goma waliojua zaidi, nao walikuwa wamelala bila sisi kuwa na njia ya kuwaamsha. Tangu usiku ule naamini kwamba umbali kati ya mgonjwa na tiba hupimwa kwanza kwa muda anaomngojea mtu anayejua, ndipo kwa kilomita.

Goma yenyewe nayo ilikuwa na majeraha yake. Tarehe 17 Januari 2002 mlima wa volkano wa Nyiragongo ulilipuka, na uji wa moto ukapita katikati ya mji, ukafunika maduka, nyumba na sehemu ya uwanja wa ndege. Uliharibu pia sehemu kubwa ya majengo ya DOCS, taasisi ambayo Daktari Jo Lusi, mpasuaji wa mifupa, na mkewe Lyn Lusi waliianzisha mwaka 2000. Walijenga upya, na leo hospitali hiyo tunaijua kwa jina la HEAL Africa. Nawataja kwa sababu wazo lao la mwanzo lilikuwa kwamba daktari bingwa wa mjini ana deni kwa wenzake wa porini: awaendee, awafundishe, aitike wanapomwita. Waliwaza hivyo kabla simu haijafika vijijini.

Mwaka huohuo wa 2002 Vodacom ilianza kazi nchini Kongo. Mjini Goma vijana wakafungua kabini chini ya miavuli, wakauza dakika za kupiga simu. Milimani mtandao ulichelewa. Ulipoanza kushika, ulishika mahali pamoja tu, juu ya kilima fulani, na kila kijiji kilikuwa na kilima chake. Muuguzi alimwacha mgonjwa na msaidizi, akapanda kilima mbio, akambipu daktari. Daktari aliyekuwa na moyo alimpigia kwa salio lake mwenyewe. Mazungumzo yakienda vizuri yalichukua dakika tatu, naye muuguzi akashuka na jambo la kufanya.

Watu wa kawaida nao walianza kuuliza yaliyowasumbua. Mwaka 2005 shirika la PSI na mwenzake wa hapa, ASF, kwa ushirikiano na Vodacom, walianzisha laini ya bure iliyoitwa Ligne Verte, ya kuulizia uzazi wa mpango, na Kiswahili kilikuwa kati ya lugha zilizotumika kujibu. Wengi wa waliopiga walikuwa wanaume. Mimi jambo hilo lilinifunza mengi. Kwenye kituo chetu baba alikaa nje na kofia yake mkononi, wala hukumsikia akiuliza chochote mbele ya wanawake. Simu ilimpa mahali pa kuuliza bila kuonekana. Siri, ambayo foni ilituvunjia kila siku, simu ilianza kuirudisha.

Miaka ilipita, mnara ukajengwa karibu, na kituo chetu kikapata mtandao hadi chumba cha kujifungulia. Siku ilipojiri tena damu isiyokata, niliweka simu mezani na sauti nje.

"Dokta, damu haikati. Oksitosini nimeshatoa."

"Mama, tuliza moyo. Kizazi kiko kigumu ao laini?"

"Laini."

"Vaa glavu ndefu. Mkono mmoja ndani, ufunge ngumi. Mwingine juu ya tumbo, ukandamize kizazi katikati. Usiachie mpaka nikwambie. Msaidizi aandae misoprostoli."

Nilikandamiza mpaka mikono ikafa ganzi. Yeye alibaki kwenye simu, akiniuliza mapigo ya moyo, akiniuliza rangi ya midomo, na kwa simu ya pili akimtafuta dereva na kuuliza benki ya damu kama ipo ya kundi lile. Mama yule alifika hospitali akiwa na fahamu, na damu ikimngoja. Sikumwona daktari yule uso kwa uso mpaka baadaye sana, lakini najua kwamba usiku ule alikuwa kazini kwangu.

Kisha zikaja simu za kisasa na WhatsApp. Leo karibu kila zone ina kundi lake la wauguzi na madaktari. Picha ya eksirei huinuliwa dirishani, mwanga ukapita, ikapigwa na kutumwa. Vidonda, vipele, macho ya mtoto, karatasi ya uchungu wa uzazi, vyote hivyo husafiri kabla ya mgonjwa. Nimeona mara nyingi jibu likiwa "Usimtume, mfanyie hivi," na familia ikaepuka kuuza mbuzi kwa ajili ya nauli. Nimeona pia "Mtume sasa hivi, usingoje asubuhi." Majibu haya mawili yana thamani sawa. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilipopendekeza kwamba mama anayevuja damu baada ya kujifungua apewe asidi ya traneksamiki ndani ya saa 3, habari hiyo ilitufikia kwa simu, na ilikuwa na faida hasa kwetu, kwani saa 3 huisha upesi mahali pasipo barabara.

Ushauri ulianza pia kuvuka bahari. Madaktari Wasio na Mipaka, MSF, ambao wamefanya kazi kwa miaka mingi Masisi na Rutshuru, wana mfumo wao tangu mwaka 2010: daktari wa hospitali ya mbali anaandika habari za mgonjwa, anaambatisha picha, na bingwa aliye nchi nyingine anamjibu. Mtandao wa RAFT, uliozaliwa mwaka 2001 kwa ushirikiano wa Geneva na Bamako, ulifanya vivyo hivyo kwa Afrika inayosema Kifaransa, pamoja na masomo kwa video. Daktari peke yake katika zone akaacha kuwa peke yake, kama sisi tulivyoacha.

Misiba ya Goma ndiyo iliyotupima. Ebola ilitangazwa Kivu ya Kaskazini tarehe 1 Agosti 2018, ikafika Goma Julai 2019, ikaisha Juni 2020 baada ya kuua watu zaidi ya 2,200. Kila aliyemgusa mgonjwa alifuatiliwa siku 21, na waliohama mtaa au mji tuliwatafuta kwa simu. Wagonjwa waliolazwa walizungumza na watoto wao kwa simu, na nasema bila kusita kwamba sauti hizo zilipunguza uvumi kuliko matangazo yetu. Corona ikafunga mpaka wa Gisenyi, upande wa Rwanda, mwaka 2020. Tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ukalipuka tena, na siku chache baadaye sehemu kubwa ya mji ikaamriwa kuhama. Watu wa kisukari, wa presha na wa dawa za virusi vya ukimwi walitawanyika Sake, Rutshuru, Minova na Rwanda. Tulikuwa na daftari la namba zao. Tulipiga moja moja, tukamwambia kila mmoja kituo cha karibu naye na jina la dawa ya kuomba.

Mwishoni mwa Januari 2025 vita viliingia Goma. Umeme, maji na intaneti vilikatika, uwanja wa ndege ukafungwa, hospitali zikajaa majeruhi. Kimya cha foni cha zamani kilirudi, safari hii katika mji wa watu zaidi ya milioni moja. Waliokaa karibu na mpaka waliweka laini za Rwanda kwenye simu zao, wakashika mawimbi ya Gisenyi, na kupitia wao wauguzi kadhaa walipata kuuliza. Siku zile zilinionyesha wazi kwamba mnara, betri na paneli ya jua ni vifaa vya hospitali, kama kitanda na mkasi.

Siwezi kuisifu simu kuliko inavyostahili. Sauti haibebi damu. Ng'ambo ya mpaka, tangu Oktoba 2016, ndege ndogo za Zipline zisizo na rubani hupeleka damu kwenye hospitali za Rwanda. Kwetu damu bado inategemea pikipiki na barabara. Daktari akisema "mpe misoprostoli" na kabati ni tupu, ushauri wake ni uchungu mwingine. Tena Rwanda hiyohiyo inatupa funzo la pili. Mwaka 2016 ilianza huduma ya Babyl: mtu alipiga *811#, akahudumiwa na muuguzi au daktari kwa simu, na zaidi ya watu milioni 2 walijiandikisha. Mwaka 2023 kampuni mama ya Uingereza ilifilisika, nayo Babyl ikafungwa. Huduma ambayo watu wameizoea isitegemee pumzi ya kampuni moja.

Kwetu inategemea kitu dhaifu zaidi: hisani. Daktari anajibu saa nane za usiku kwa sababu ana utu, wala hakuna zamu iliyoandikwa jina lake. Muuguzi ambaye mshahara wake hauji kila mwezi ananunua mega za intaneti kutoka mfukoni mwake. Picha za miili ya wagonjwa zinakaa kwenye simu za watu binafsi, bila kanuni ya nani azione na lini zifutwe. Tumeokoa wengi kwa njia hiyo, na wengine tumewakosa kwa sababu daktari mmoja mwema alikuwa amelala, kama ilivyokuwa haki yake.

Kwa hiyo ninayoyataka ni mambo ya kawaida kabisa, yawekwe kwenye bajeti ya zone. Kila kituo kiwe na umeme wa jua na simu yake, iandikwe kwenye orodha ya vifaa. Gharama ya mawasiliano ilipwe na huduma ya afya. Madaktari na wakunga wa Goma wapangiwe zamu ya kujibu usiku na mchana, walipwe kwa zamu hiyo, na jibu lao liandikwe kwenye daftari la mgonjwa. Siri ya mgonjwa ilindwe kwenye simu kama inavyolindwa chumbani. Na kila ushauri ufuatwe na dawa na damu inayoweza kufika.

Wauguzi vijana wanaopangiwa Masisi, Walikale na Lubero leo wanaenda wakiwa na namba za kupiga. Sisi hatukuwa nazo. Wanastahili pia uhakika kwamba kila saa watakayoita, yupo aliyewekwa pale kwa kazi ya kuwaitikia.