Kalamu ya Babu Haikutoka Burma

Wacha nianze na kosa langu kabla mtu mwingine alianze kwa niaba yangu.

Mwezi wa nne niliweka video ya kalamu ya marehemu babu. Dakika mbili tu. Nimeishika kwa vidole viwili kama yai, nasema: hii kalamu ya wino ilitoka Burma, afisa wa Kizungu alimpa babu mwaka wa 1944 juu ya ushujaa wake vitani. Si mimi niliitunga hiyo hadithi. Nimeisikia tangu nikiwa mdogo, ilisomwa hata kwa mazishi yake.

Video ilienda mbali kuliko kitu chochote nimewahi kuweka. Baba mdogo akaandika kwenye kikundi cha familia, "Hiyo ndiyo damu yetu." Hata baba yangu, ambaye tangu niache chuo huwa ananiongelesha kama mtu nina deni lake, alinipigia simu kusema nimefanya vizuri. Nilikuwa sijasikia hayo maneno kwa miaka miwili.

Halafu mtu mmoja akauliza chini ya video: "Imeandikwa namba gani?"

Kusema kweli sikuwa nimeangalia. Nikaipeleka dirishani, nikawasha tochi ya simu. Maandishi yamefutika nusu kwa kushikwa, lakini ukiinamisha kidogo unayaona: Conway Stewart, namba 84, imetengenezwa Uingereza.

Nikajiambia nitafute hii kampuni, nipate video ya pili. Huo ndio ulikuwa mpango wote.

Conway Stewart ilianzishwa London mwaka wa 1905 na watu wawili, Frank Jarvis na Thomas Garner. Wote walikuwa wametoka De La Rue, ndiyo, ile ile iliyochapisha noti zetu kwa miaka mingi. Siku hizo De La Rue ilikuwa inatengeneza kalamu pia. Umeona hakuna Conway hapo wala Stewart? Hata mimi nilishangaa. Inasemekana jina lilitoka kwa wachekeshaji wawili wa majukwaa ya London. Lakini ukifuata hiyo hadithi, kila anayeisimulia anaanza na hilo neno, "inasemekana". Ningeona huo mkosi mapema, ningejiandaa.

Hizi hazikuwa kalamu za wakubwa. Mwenye pesa alinunua Parker ama Swan. Conway Stewart ilikuwa ya mwanafunzi, karani, mwalimu: bei nafuu, rangi za kupendeza, ncha ya dhahabu, na kijiti pembeni unakiinua ili mfuko wa mpira ulio ndani unyonye wino. Baadaye biro zikaja. Bic ya bei rahisi iliingia sokoni Ufaransa mwaka wa 1950, na mtu akishazoea kalamu ya kutupa hataki tena ya kujaza. Kampuni ilipambana hadi 1975, ikafunga.

Sasa shida. Kampuni ilitoa kalamu kwa namba, na wakusanyaji wamepanga kila namba na miaka yake. Namba 84 ilianza kutengenezwa mwanzoni mwa miaka ya 1950.

Nilisoma hiyo mstari mara nne. Askari wetu wa Keya walipokuwa kwenye matope ya bonde la Kabaw mwaka wa 1944, kalamu ya babu ilikuwa haijazaliwa.

Nilikaa na hilo jambo wiki mbili. Ningenyamaza, nani angejua? Yule wa namba hakurudi tena. Na nikisema, ninamwita babu mwongo mbele ya maelfu ya watu, na simu ya baba inakuwa ya kwanza na ya mwisho. Lakini kila nikifungua ile video, naona nikidanganya kwa uso mkavu.

Ikabidi niende kwa kukhu. Nilipanda matatu Kitale asubuhi: Kiminini, Kamukuywa, Misikhu, Webuye, hadi Bungoma. Njia yote nikipanga vile nitamwambia mwanamke wa karibu miaka tisini kwamba mume wake hakupewa kalamu na afisa.

Mimi ndiye nilirithi jina la babu, kwa hivyo kukhu huniita mzee wangu. Nikamweleza polepole, miaka na namba. Akaniangalia, akacheka hadi akashika mbavu.

"Mzee wangu, nani alikwambia imetoka Burma?"

"Kila mtu, kukhu."

"Mimi nilikwambia?"

Nikafikiria. Hapana. Yeye hakuwahi.

"Basi. Mliuliza wanaume. Ile kalamu ilinunuliwa kwa duka la Mhindi hapo Kitale. Mtamba wangu ndiye alilipa."

Nitawapa vile alinipa. Babu aliporudi kutoka vitani hakupewa ardhi. Wazungu waliopigana ndio walipewa mashamba Trans Nzoia, wengine tangu vita vya kwanza, wengine baada ya vita vya pili. Yeye aliandikwa kazi kwa shamba la mmoja wao, akawa karani wa kuhesabu magunia ya mahindi. Juu alijua kuandika, jioni watu walimletea barua zao: ya kijana aliye Nairobi, ya kesi ya shamba, ya kuomba ruhusa. Alikuwa anatumia kalamu ya ofisi. Siku moja mwenye shamba akamkuta, akamnyang'anya mbele ya watu wote waliokuwa kwenye foleni. Wino wa shamba si wa barua za vibarua.

Wiki iliyofuata akauza mtamba. Ng'ombe jike mchanga, ambaye hajazaa hata mara moja, kwa sababu ya kalamu. Kukhu anasema alikaa siku tatu bila kumpikia, na kijiji kizima kilimcheka.

"Sasa Burma iliingia wapi?"

Hapo akaacha kucheka. Ilikuwa wakati wa hali ya hatari, iliyotangazwa mwaka wa 1952. Huku kwetu serikali ilikuwa imepiga marufuku Dini ya Msambwa tangu 1948, na bado ilikuwa inawatafuta watu wake. Mwafrika aliyeandika barua usiku alikuwa mtu wa kuangaliwa. Mwafrika mwenye kalamu ya ncha ya dhahabu mfukoni alikuwa mwizi hadi athibitishe vingine. Askari walimsimamisha njiani wakauliza ameitoa wapi. Angesema amenunua, nani angeamini? Akasema alipewa na afisa wake Burma. Wakampigia saluti, wakamwachilia.

"Akaona hiyo ni kinga," kukhu akasema. "Akaibeba pamoja na kalamu. Watoto wakazaliwa, wakaikuta."

Kwa hivyo babu alidanganya, ndiyo. Alidanganya askari ili aendelee kuwaandikia watu barua. Sisi ndio tuligeuza kinga kuwa sifa, tukatupa mtamba, tukabaki na Mzungu mkarimu. Fikiria hilo. Kitu ambacho mzee alijinunulia kwa jasho lake, familia yake yenyewe inampa Mzungu shukrani kwa miaka sabini.

Mnaojua maisha yangu mnajua kwa nini hii ilinigusa. Huwa nasema "niliahirisha masomo". Sikuahirisha. Nilichukua karo ya muhula nikanunua simu hii ninayopigia video, na chuo kikaendelea bila mimi. Kukhu alisema mimi na babu ni kitu kimoja. Ilinipendeza, lakini si kweli. Mtamba alikuwa wa nyumba yao na alikubali kulaumiwa kwa ajili yake. Karo ilikuwa jasho la baba, na mimi nilimdanganya.

Nilimpigia simu nikiwa bado Bungoma, nikamwambia yote mawili, ya kalamu na ya karo. Alinyamaza hadi nikadhani simu imekatika. Halafu akauliza, "Aliuza mtamba?"

"Ndiyo, baba."

"Mtamba kabisa?"

Hakusema kitu kuhusu karo. Alisema nikirudi Kitale nimletee hiyo kalamu aione vizuri, juu hajawahi kuishika.

Ile video nimeitoa, na hii ndiyo inaingia mahali pake. Ukiwa na kitu cha zamani nyumbani, angalia namba yake. Halafu uliza nyanya, kabla ya kuuliza wajomba.