Mulombwa wa Barabara ya Kasenga

Zama za utoto wetu hapa Lubumbashi haikumlazimu mtu kwenda mbali ili auone mulombwa, ambao ndugu zetu wa pwani huuita mninga. Kwani ukishazivuka nyumba za mwisho upande wa barabara ya Kasenga, ulikuta milombwa imesimama baina ya vichuguu, na mvua zilipokatika mwezi wa Mei, majani yake yaligeuka dhahabu tupu kabla ya kupukutika, hata ilipofika Septemba, matawi yangali matupu, yakajaa maua ya manjano na mvumo wa nyuki.

Marehemu baba yangu, Mola amrehemu, alikuwa seremala wa Kamalondo, wala hakuzithamini mbao zozote kuliko hizo. Gogo bichi likipigwa shoka hutoa utomvu mwekundu mithili ya damu, ambao ukiingia nguoni hautoki. Lakini mbao zake, akiisha kuzipanga kivulini na kuzitenganisha kwa vijiti ili hewa ipite, hukauka pasi na kupinda wala kupasuka, na mchwa huziacha. Na kwa kuwa kabati moja lilimshughulisha siku nyingi, mti mmoja ulimtosha muda mrefu. Nami naamini kazi hiyo ya taratibu ndiyo iliyouhifadhi msitu kuliko amri yoyote ya serikali.

Kisha mji ukapanuka, umeme ukawa adimu majumbani, na wachoma makala, ambao nao wana watoto wa kulisha, wakaukata msitu bila kuchagua. Miaka ya 2010 ikaleta dhiki nyingine: wanunuzi wa Uchina, kwa ajili ya samani zao nyekundu za fahari, waliutaka mukula, nduguye mulombwa, na malori yakapita Kasumbalesa yamesheheni magogo ghafi, wala seremala wetu hakuambulia hata ubao. Mwaka 2019 mkataba wa kimataifa wa CITES uliiweka biashara ya mukula chini ya vibali, na mwaka 2022 jamii yote ya miti hiyo barani Afrika ikaingizwa humo. Ni uamuzi wa haki, ila ulichelewa.

Mche wa mulombwa una tabia ya ajabu: kwa miaka kadhaa kijiti chake hufa kila kiangazi, huku mzizi ukinenepa chini ya ardhi, hata upate nguvu ya kupanda juu moja kwa moja, na baada ya hapo huhitaji miongo mingi kufikia unene wa kupasuliwa mbao. Basi wewe mwenye shamba kandokando ya mji, ukiuona umekauka mwezi wa Agosti, nakusihi usiung'oe wala usiutie moto.