Muhuri Mfukoni mwa Koti

Nilipochaguliwa kuwa mdhamini wa kikundi chetu cha kusaidia yatima hapa Iguguno, jirani alinipa pole. "Sasa utawalipia ada wote hao?" Kwake mdhamini ni mtoa fedha. Mimi nilidhani ni kama kumdhamini mtu polisi: unaandika jina, unarudi nyumbani. Sote tulikosea.

Wakati huo wilaya yetu ya Mkalama ilikuwa haijamegwa kutoka Iramba, jambo lililokuja mwaka 2012, na barua zetu zilikwenda Kiomboi, si Nduguti. Wadhamini tulikuwa wazee watano wa kuheshimika. Vikao vilikuwa dua, chai na sahihi. Mwenyekiti alitembea na muhuri mfukoni mwa koti. Mhazina alipokwenda benki Singida tulimtilia sahihi fomu tupu, asihangaike kututafuta kwenye mashamba ya alizeti. Kumhoji mtu mzima tuliona ni kumvunjia heshima.

Kisha mwenzetu mmoja, mtia sahihi, akafariki. Akaunti ikazuiwa, na shule zinafunguliwa. Benki ilitaka barua ya RITA, wakala anayesajili wadhamini. Huko jina la marehemu lilikuwa bado hai, na marejesho hatukuwahi kupeleka. Hakuna aliyeiba, lakini watoto walianza muhula bila sare.

Mwalimu mstaafu akatuweka kitako siku tatu chini ya mkwaju. Alianza na Sheria ya Muunganisho wa Wadhamini, Sura ya 318: shamba la kikundi limeandikwa kwa jina la bodi ya wadhamini, sisi tutapita, bodi itabaki. Halafu akatupa penseli, tulinganishe daftari la fedha na taarifa ya benki, mstari kwa mstari.

Siku ya pili mzee mmoja, ambaye miaka yote alikuwa akisinzia vikaoni, akauliza: "Tumevuna magunia 18, yameuzwa 15. Matatu yako wapi?" Tukainamisha vichwa. Mhazina akashusha pumzi. Yalilipia trekta, akasema, na kila msimu aliogopa siku atakayoitwa mwizi kwa jambo ambalo hakuna aliyemwuliza.

Siku hizi muhuri unakaa kwenye sanduku lenye kufuli mbili, funguo kwa watu wawili. Mjumbe mwenye duka la sare hutoka nje tukijadili bei. Nawe ukiitwa udhamini, kabla ya kuonyeshwa kiti, omba daftari.