Safari ya Kwanza Sigalagala

Matatu iliyonitoa Kisumu ilipanda vilima vya Maragoli, ikapita Mbale na Chavakali, ndipo kondakta akapaza sauti: "Wa Sigalagala, sogea mlangoni!" Nikashuka njia panda. Barabara kuu inaendelea Khayega hadi Kakamega mjini. Ya kushoto inakwenda Butere. Wanafunzi wa Politekniki ya Kitaifa ya Sigalagala walijaa vibandani wakila mahindi ya kuchoma, kila mmoja na muziki wake masikioni. Mimi mzaliwa wa Mombasa nilikuwa sijawahi kukanyaga upande huu. Nilikuja kuwasikiliza waliokuwa vijana miaka ya 1960, enzi ya mwimbaji Daudi Kabaka, mfalme wa twisti.

Mwenyeji wangu, mwalimu mstaafu, alinipokea kwa "mulembe" na chai ya maziwa. Nilipomtajia Kabaka hakujibu. Aliinuka, akatungua gita ukutani, akafunga penseli kwa mpira juu ya shingo ya gita ili sauti ipande, kisha akamwita mjukuu na kumpa chupa tupu ya Fanta na msumari. Mtoto akaanza kukwaruza mifuo ya chupa. Babu akadonoa nyuzi kwa kidole gumba na cha shahada. Gita moja, na bado nilisikia besi na wimbo vikijibizana.

"Hii ni omutibo, mwanangu," alisema. "Ukitaka kumjua Kabaka, anza na Mukabi."

George Mukabi alikuwa mtu wa Kisa, upande huohuo inakoelekea barabara ya Butere. Alifariki mwaka 1963, lakini vidole vya vijana wengi wa magharibi mwa Kenya vilifunzwa na gita lake. Kabaka alizaliwa Uganda mwaka 1939, asili ya wazazi wake ikiwa huku kwa Waluhya, akaja kung'ara Nairobi katika studio ya Equator Sound. Jina la twisti lilitoka Marekani, ambako Chubby Checker aliivumisha mwaka 1960. Mapigo ya Kabaka, hata hivyo, yalikuwa karibu zaidi na muziki wa kwela wa Afrika Kusini. "Helule Helule" aliitoa mwaka 1966. Miaka miwili baadaye kundi la The Tremeloes likairekodi Uingereza, ikafika nambari 14 katika chati za huko.

Mama mwenye nyumba, aliyekuwa akichambua mboga, alidakia. "Sisi tulicheza hapo uani, na gramafoni ya kuzungusha kwa mkono. Mama mkwe wangu alikuwa anacheza pia. Ungemficha nini? Kabaka aliimba habari za shule na ndoa."

Maneno yake, ya nyota wa vijana asiyefichwa mama mkwe, ndiyo niliyoyafuata safari nzima. Wakati huohuo Marekani mambo yalikuwa tofauti: kampuni za filamu zilikuwa zikiwatengenezea vijana wapenzi wao wa kwenye skrini. Frankie Avalon na Annette Funicello walioneshwa katika Beach Party ya mwaka 1963, wachumba wasafi wa ufukweni, wakarudishwa filamu baada ya filamu. Avalon alioa mwanamke mwingine mwaka huohuo. Annette akaolewa na wakala wake mwaka 1965. Hapana ubaya, walikuwa waigizaji. Ila adabu ile ilipangwa na watu wa biashara, kwa ajili ya kijana mwenye pesa ya tiketi.

Adabu ya Kabaka ililindwa na ua. Redio nyumbani ilikuwa moja, na waliokaa mbele yake walikuwa bibi, mkwe, baba na mtoto. Wimbo usioweza kusikika mbele ya mama mkwe haukuwa na pa kuchezwa. Kwa hiyo kijana alipata nyota wake bila kumpoteza mzazi wake, na kwangu mimi hilo ni jambo kubwa kuliko chati za Uingereza.

Jioni nilirudi njia panda kungoja gari. Nikamwuliza kijana mmoja wa politekniki kama anamjua Kabaka. "Yule wa Uganda, mfalme?" Hakukosea sana, lakini sikuwa nikimuulizia huyo.

Kabaka alifariki mwaka 2001, na waliocheza nyimbo zake wakiwa vijana sasa ni wazee. Msomaji, kama kwenu kuna santuri za zama zile chini ya kitanda au darini, usizitupe. Mwite mzee mmoja azisikilize, na umkalishe mtoto kando yake.