Maji na Watoto wa Bute

Mji wa Bute uko kaskazini ya Kaunti ya Wajir, nchini Kenya, karibu na mpaka wa Ethiopia. Katika kaunti hiyo hakuna mto utiririkao mwaka mzima; mvua ikinyesha watu huteka maji silangani, na ngamia na mbuzi hunywa papo hapo. Tangu mwisho wa 2020 hata mwisho wa 2022 mvua zilikuwa haba misimu mitano mfululizo.

Mtoto wa nchi kama hiyo hahitaji kufundishwa thamani ya maji. Limpasalo kujua ni kwamba maji machafu humnyang'anya hata yale aliyo nayo mwilini. Zaidi ya nusu ya mwili ni maji: ndiyo yachukuayo chakula katika damu, yatoayo taka kwa mkojo, na yaupozayo mwili kwa jasho. Vijidudu vya maji machafu huleta kuhara, na ahariye hupoteza maji mengi kuliko aliyokunywa. Alikwenda kukata kiu, akarudi na kiu kubwa zaidi.

Basi maji yachujwe, yachemshwe hata yatokote, kisha yafunikwe, ijapokuwa yaonekana maangavu. Mtoto ajuaye sababu hangoji kuamrishwa.